Mfuko wa Mwisho wa Chokaa

Katika ploti ya vyumba vya kupanga ya Mzee Shitanda, pale kati ya Shauri Moyo na soko la Gikomba, wanawake wawili walikuwa wakigombea cheo kisicho na mshahara wala ofisi: cheo cha mwanamke msafi kuliko wote. Wa kwanza alikuwa Nakhumicha. Wa pili alikuwa Njoki, jirani yake wa mlango wa pili. Ungemwuliza Njoki, angekupa orodha hiyo kinyume, na labda ndiyo sababu hakuna mtu aliyewahi kuwauliza wakiwa pamoja.

Nakhumicha, ambaye ploti nzima ilimwita Mama Nabiswa, alikuwa mshonaji wa vitambaa. Si nguo, vitambaa. Vya kochi, vya meza, vya kufunikia redio, na vile vikubwa vya kutundika ukutani, vyenye maua na ndege wa rangi na maneno ya kumkaribisha mgeni. Mkono wake ulijulikana hadi Buruburu, ambako wake za makarani walimwagizia kazi halafu wakawadanganya wageni wao kwamba imetoka ng'ambo. Na katika ploti yenyewe hapakuwa na chumba kisicho na kitambaa chake. Mteja wake mkubwa alikuwa Njoki huyo huyo. Kila mvua zikipita alikuja kuagiza kingine, na kila mara alitaka kipana kuliko cha awali.

"Kipana, Mama Nabiswa," angesema Njoki, akigusa sakafu kwa ncha ya kiatu. "Kishuke mpaka hapa."

Nakhumicha alishona, akapokea chake, na moyoni akacheka. Huyu anashindana na mimi, alijiambia. Anataka ukuta wake uupite wangu. Kisha akaanza kujishonea kingine kipana zaidi, kwa sababu yeye naye alikuwa na haja yake ya kitambaa kipana. Haja hiyo ilikuwa nyeusi, na ilinuka.

Ukuta wa nyuma wa ploti ile ulikuwa mmoja, mrefu, ukipita katika vyumba vyote vya mstari. Miaka michache nyuma Mzee Shitanda alikuwa amejenga tangi la maji la zege kwa upande wa nje, likauegemea ukuta huo mgongo kwa mgongo. Siku maji yalipofunguliwa wapangaji walipiga vigelegele. Hakuna ploti nyingine ya jirani iliyokuwa na tangi lake, na Nakhumicha mwenyewe alijisifu kwa watu wa kwao Webuye kana kwamba amelijenga yeye. Lakini tangi lilikuwa likivuja polepole ndani ya ukuta. Kwanza rangi ilitoa malengelenge. Kisha vikaja vidoa vya kijani karibu na sakafu, vikawa vyeusi, vikaanza kupanda. Kufikia mvua za masika za mwaka wa themanini na moja, kuvu ilikuwa imefika kimo cha mtu, nene, laini, yenye harufu ya viatu vilivyosahauliwa ndani ya gunia.

Nakhumicha aliisugua kwa sabuni. Ikarudi. Aliisugua kwa magadi na maji ya moto mpaka vidole vikachubuka. Ikarudi. Basi akaifunika kitambaa. Akina mama wa kanisa walikuja, wakanywa chai, wakasifu wale ndege, wakaenda zao, na hakuna aliyejua. Alikuwa radhi watu waseme ameachwa na mume kuliko waseme ana kuvu.

Lakini kulikuwa na Nabiswa. Huyu alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka mitano na maneno ya mtu wa hamsini, na kitanda chake kilikuwa chini ya kitambaa kile. Alianza kwa kukohoa. Kikohozi kikageuka mluzi: kila akivuta pumzi, kifua kilipiga mluzi mwembamba uliosikika hadi mlangoni. Asubuhi alikutwa ameketi kitandani amekumbatia magoti, macho mekundu, anaitafuta hewa. Alipopelekwa kwa nyanyake Webuye alikimbizana na mbuzi siku nzima bila shida. Aliporudi Nairobi, mluzi nao ukarudi.

Kliniki, daktari alimweka kifaa mgongoni, akasikiliza, akauliza, "Huko nyumbani kuna unyevu? Kuta zina kuvu?"

"Hapana, daktari," alisema Nakhumicha. "Nyumba yangu ni safi."

Daktari akampa dawa. Wakaenda, wakarudi, akauliza tena, naye akajibu vilevile, safari hii kwa ukali kidogo. Ikaendelea hivyo mpaka mchana mmoja mtoto alipogeuka rangi ya majivu mikononi mwa baba yake. Baba huyo, Wekulo, alikuwa nyumbani kwa bahati tu, kwa kuwa juma hilo alikuwa zamu ya usiku kiwandani. Alimbeba mbio hadi kliniki, viatu vyenyewe hakuvaa. Mtoto alipotulia, daktari akauliza swali lake lile. Nakhumicha alifungua mdomo kusema hapana, Wekulo akamtangulia.

"Iko," alisema. "Iko, daktari. Imejaa ukuta mzima. Mtoto analala nayo."

Nakhumicha alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini daktari hakumcheka wala hakumkemea.

"Mama, hiyo kuvu inatoa vumbi ambalo macho hayalioni," alisema. "Wengine wetu halitusumbui sana. Huyu mtoto linamfunga kifua. Dawa nitampa, lakini ukimrudisha kwa ukuta huo, utamrudisha hapa."

Walitoka, mtoto mgongoni kwa mama yake. Nakhumicha alikuwa amewaka hasira, na njia nzima alitafuta wa kumkasirikia. Alijaribu Wekulo, haikushika. Alijaribu daktari. Mwishowe hasira ikatua pale ilipostahili, kwenye ule ukuta na mwenye ukuta.

Sasa Mzee Shitanda hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa mtu wa kwao, tena mzee wa kanisa lao, aliyewaombea Nakhumicha na Wekulo siku ya harusi yao. Jumapili hiyo Nakhumicha alimngoja nje baada ya ibada, akamsalimia kwa mikono miwili kama inavyopasa.

"Baba, ule ukuta unatoka maji. Mtoto anaumia."

"Mwanangu, fungueni madirisha," alisema mzee kwa upole. "Mnapika, mnafunga dirisha, halafu mnashangaa. Nitatuma fundi."

Fundi alikuja kweli, akapaka plasta juu ya unyevu, ikadondoka hata kabla watu hawajamsahau. Nakhumicha alirudi kwa mzee. Safari hii upole ulikuwa umepungua. Aliambiwa kwamba kama nyumba imemshinda, wako wengi wanaoingojea. Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu katika Eastlands alilijua. Chumba kilichoachwa asubuhi kilikuwa na pazia jipya kabla ya chakula cha mchana.

Ni Wekulo aliyesikia kiwandani habari za Wakili Nzilani. Alikuwa mwanamke kijana, Mkamba, mwembamba, anayeongea kwa haraka, ambaye kila Jumamosi alikaa katika ukumbi wa kanisa moja Shauri Moyo kuwasikiliza watu bila malipo. Nakhumicha alimweleza yote, ila neno kuvu alilisema kwa kunong'ona, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

"Sema tu kwa sauti, mama. Sheria inaijua hiyo kitu," alisema Nzilani. "Unaweza kwenda kwa bwana afya. Nyumba yenye unyevu wa kuumiza watu inahesabiwa kuwa kero, na mwenye nyumba analazimishwa kuiondoa. Ama unaweza kwenda kwa baraza la kodi za nyumba. Hao wanaweza kumwamuru atengeneze, na kodi ipunguzwe mpaka atengeneze, na hawezi kukufukuza eti kwa sababu umelalamika."

"Na kifua cha mtoto? Nani analipa hicho?"

"Hiyo ni korti, kudai fidia. Hiyo ni safari ndefu. Lazima daktari aje aseme. Lazima tuonyeshe ni huo ukuta umemuumiza na si kitu kingine, na mzee aliambiwa akanyamaza. Lakini tukishinda kwa baraza, tukifika korti tunafika tukiwa na kitu mkononi."

Nakhumicha alikunja pindo la leso yake, akalikunjua. "Huyu mzee aliombea harusi yangu."

"Hakuna anayekukataza kumsalimia," alisema Nzilani.

Basi wakaenda kwa baraza. Lilikaa mjini, katika chumba chenye feni isiyozunguka, na mwenyekiti wake alikuwa bwana mnene, mtaratibu, aliyesikiliza huku amefumba jicho moja. Nakhumicha alieleza habari za ukuta na za mtoto, akaeleza vizuri. Kisha Mzee Shitanda akasimama katika suti yake ya kanisani.

"Waheshimiwa, nyumba yangu haina shida," alisema. "Nimewapa hawa watu mpaka tangi la maji. Shida ni uchafu. Wanapika ndani, wanafua ndani, wanaanika nguo ndani. Mtu mchafu hata ukimweka ikulu ataota kuvu."

Chumba kikacheka kidogo. Nakhumicha hakusikia tena lolote lililosemwa siku ile isipokuwa neno moja, uchafu, likirudi na kurudi. Yeye! Yeye ambaye sakafu yake ungeweza kulia ugali! Nzilani ilibidi amshike mkono ili asisimame. Ndipo mwenyekiti akafungua lile jicho, akasema kwamba maneno ni mengi, na kwamba baraza litakwenda Alhamisi kuona lenyewe.

Huko nje Nzilani alimgeuza, akamtazama usoni. "Mama Nabiswa, nisikilize. Usiguse kitu. Usisugue, usipake. Siku hiyo toa kitambaa tu, basi. Waache waone."

"Nimesikia," alisema Nakhumicha.

Na alikuwa amesikia. Jumatatu hakugusa. Jumanne hakugusa. Jumatano asubuhi aliketi kwenye kigoda, akaondoa kitambaa, akautazama ule weusi, na akawaza wageni wa kesho.

Kwao, mgeni wa kawaida akija, unafagia. Akija mgeni mkubwa, wakwe au watu wa posa, unaisiriba nyumba upya, kuta na sakafu, kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na unangoja kesho ukiwa na mikono inayonuka zizi na roho iliyotulia. Mama yake alifanya hivyo. Nyanya yake alifanya hivyo akiwa na mimba ya miezi minane. Hakuna mwanamke wa ukoo wake aliyewahi kupokea wakubwa na ukuta mchafu akabaki na jina. Na sasa serikali yenyewe ilikuwa inakuja, pamoja na Mzee Shitanda aliyekwisha kulisema lile neno mbele ya watu. Wangeingia, wangeuona ule weusi, na wangesema, kumbe mzee hakudanganya.

Alijikaza mpaka saa nane mchana. Kisha akachukua kikapu akaenda kwa Burale.

Duka la Burale lilikuwa kwenye kona, na mwenyewe alikuwa anafuta kaunta. "Chokaa? Kwani ploti yenu iko na harusi?" aliuliza. "Tangu asubuhi nyinyi watu mnabeba chokaa tu. Huu mfuko ni wa mwisho."

Nakhumicha aliushika. Wakati ule ule Njoki akaingia akihema, kanga imefungwa vibaya, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

"Burale, nipe chokaa."

"Imekwisha. Mama Nabiswa amechukua ya mwisho."

Njoki aliutazama ule mfuko. Uso ulimshuka kwa namna ambayo mwanamke mwingine angeiona na kuuliza kulikoni. Nakhumicha hakuuliza. Kusema kweli, alifurahi.

"Pole sana, mama," alisema kwa sauti ya asali, akajitwika mfuko wake na kwenda zake akitembea kwa maringo.

Wekulo aliporudi alikuta ukuta mweupe pepepe na mke wake ana madoa ya chokaa mpaka kwenye nyusi. Alisimama mlangoni.

"Wakili alisema nini, Nakhumicha?"

"Alisema wageni wanakuja."

"Nakhumicha."

"Wekulo, sitaitwa mchafu mbele ya serikali."

Wekulo alimjua mwanamke aliyemwoa. Aliketi, akaomba chai.

Alhamisi walikuja: mwenyekiti, wenzake wawili, karani, Mzee Shitanda na fimbo yake, na Nzilani. Nzilani ndiye aliyetangulia kuingia. Aliuona ukuta, akafumba macho. Nakhumicha alijifanya kupanga vikombe.

Walipita vyumba kadhaa vya mstari, na kila walipoingia kulikuwa na ukuta mweupe au kitambaa cha ndege na maua. Ua lilikuwa limefurika wapangaji waliovalia kama Jumapili. Shitanda alikuwa amenenepa kwa furaha. Walirudi kwa Nakhumicha mwisho, wakasimama katikati ya chumba.

"Iko wapi hiyo kuvu?" aliuliza mzee. "Mimi naona nyumba nzuri."

Mwenyekiti aligeuka polepole, akatazama vitambaa vya kochi vilivyonyooshwa, sufuria zilizopangwa kwa ukubwa, sakafu iliyong'aa. "Mama," alisema, "nyumba yako ni safi sana. Safi sana kweli."

Maneno hayo Nakhumicha alikuwa ameyangoja maisha yake yote. Yametoka kwa mkubwa, mbele ya ploti nzima, na Njoki yuko mlangoni anasikia. Yalimpanda kichwani kama chang'aa. Angeweza kusema asante na yakaisha hapo.

Nabiswa alikuwa amekaa kitandani, amevalishwa gauni la Krismasi, ameonywa asiseme neno. Hakusema. Lakini alivuta pumzi, na kifua kikapiga mluzi wake. Kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza, kila mtu aliusikia. Mtoto akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akimwangalia mama yake kwa woga, kana kwamba ameharibu sherehe.

Ni ile mikono mdomoni iliyomvunja Nakhumicha. Mtoto wa miaka mitano anaona haya kupumua! Amejifunza kwa nani? Alitupa macho mezani, akachukua kisu cha kumenyea viazi, akapanda juu ya kitanda na viatu vyake vizuri, akakwangua.

Chokaa ilikuwa haijakauka. Juu ya ukuta ule isingekauka kamwe. Ilibanduka kwa vipande vya majimaji, ikaanguka kwenye shuka, na nyuma yake ule weusi ukajitokeza, pamoja na harufu. Mmoja wa wageni alirudi nyuma akashika pua.

"Nilipaka jana," alisema Nakhumicha, bila kugeuka. "Wakili alinikataza. Nilipaka kwa sababu niliona haya. Hata daktari nilimdanganya kwa sababu niliona haya. Nimesugua huu ukuta mpaka ngozi ikatoka. Sasa angalieni. Huu ndio ukuta wangu."

"Mmeona!" Shitanda aligonga fimbo chini. "Nilisema nini? Mchafu anaficha uchafu wake!"

Mwenyekiti aliinua mkono. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kazi yake. "Mama, mzee anasema ni wewe, na wewe unasema ni ukuta. Hiki ni chumba kimoja. Vingine tumeona ni vyeupe." Aliwageukia waliojaa mlangoni. "Kuna mwingine mwenye shida hii?"

Watu walitazama viatu vyao. Wanawake waliokuwa wamebeba chokaa tangu asubuhi ya jana walikuwa wakitazama angani kama wanaotafuta dalili ya mvua.

Hapo ndipo Nakhumicha alipokumbuka duka la Burale, na mfuko wa mwisho, na uso wa Njoki ulivyoshuka. Alishuka kitandani. Watu wakampisha, akaenda mpaka mlangoni, akasimama mbele ya jirani yake, kisu kikiwa bado mkononi na chokaa ikimdondoka viwikoni.

"Mzee mwenyekiti," alisema, na macho yake hayakumtoka Njoki, "umesema nyumba yangu ni safi sana. Asante. Lakini hujafika kwa mwenye usafi. Huyu hapa, Njoki, ndiye mwanamke msafi kuliko wote katika ploti hii. Mimi ni wa pili. Nimemfuata nyuma miaka yote na sijamfikia. Kama kwake ni kukavu, basi mimi ni mchafu, na mzee amesema kweli, na mimi nitahama."

Waliomjua Nakhumicha walijua kwamba maneno yale yalimgharimu kuliko kodi ya mwaka. Hata Wekulo alimtazama kama mtu aliyeletewa mke mpya.

Njoki alitikisa kichwa kidogo. Midomo ilimcheza. "Wewe, Mama Nabiswa," alisema kwa sauti ndogo, "wewe ni mtu mbaya sana." Kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga, akainua kidevu kama malkia, akasema kwa sauti ambayo Gikomba nzima ingeisikia, "Kujeni kwangu!"

Wakamfuata. Kitambaa kipana kilikuwa kimetanda ukuta mzima wa nyuma, ndege wawili na waridi, kazi bora kuliko zote alizowahi kushona Nakhumicha. Njoki alishika pembe, akakivuta kwa nguvu, misumari ikaruka.

Ulikuwa mbaya kuliko wa Nakhumicha. Haukuwa na chokaa hata tone. Ulikuwa mweusi kutoka sakafuni hadi pale hasa ukingo wa juu wa kitambaa ulipofika, na maji yalikuwa yakiteremka taratibu katikati ya ule weusi. Nakhumicha alisimama akiutazama ule ukingo. Kipana, Mama Nabiswa. Kishuke mpaka hapa. Miaka yote ile alidhani anashonea mashindano, kumbe alikuwa anashonea aibu ya jirani, kipimo kwa kipimo, huku yake mwenyewe ikipanda ukuta huo huo katika chumba cha pili. Walikuwa wamelala wakitenganishwa na tofali moja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Alimshika Njoki mkono, na Njoki hakuuondoa.

"Na kwangu!" ilisikika sauti nyuma. Alikuwa Muturi, fundi wa masanduku ya bati, kijana asiye na mke, ambaye chumba chake kilikuwa cha mwisho. "Mzee Shitanda, mi' hata sufuria sina. Nakula kibandani, nguo nafuliwa na siz yangu huko Njiru. Lakini ukuta wangu ni lami tupu. Sasa huo uchafu ni wa nani, mzee?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilikuwa cha watu waliobana pumzi muda mrefu mno. Na ghafla kila mtu alikuwa anaita. Kujeni na kwangu! Anzeni kwangu! Wanawake waliokuwa wamepaka chokaa kwa siri walikwangua hadharani, kwa visu, kwa miiko, kwa kucha, wakiwa katika nguo zao nzuri, na kila weusi ulipotokea walishangilia kana kwamba wamechimba dhahabu. Mwenyekiti aliingia vyumba vyote vya mstari ule tena. Mwisho alizunguka nje, akaweka kiganja pale tangi lilipogusana na ukuta, akakiinua. Kilikuwa kinadondoka maji. Alimwonyesha Mzee Shitanda, na mzee, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akavua kofia.

Uamuzi ulitoka kabla ya mvua kuisha. Tangi limwagwe, lijengwe mbali na nyumba. Ukuta ukwanguliwe hadi kwenye mawe na kupigwa plasta mpya. Kodi ipunguzwe kwa mstari wote mpaka kazi iishe. Na mpangaji yeyote asifukuzwe kwa kusema kweli. Bwana afya naye alikuja na amri yake, kwa maana Nzilani hakuwa mtu wa kuacha mlango mmoja umefungwa. Kuhusu ile safari ndefu ya korti, hawakufika mbali. Daktari alipokubali kuja kusema, Mzee Shitanda alimfuata Nakhumicha nje ya kanisa na kumwambia kwamba kliniki ya mtoto ni juu yake, ya nyuma na ya mbele. Nakhumicha alimsalimia kwa mikono miwili, kama inavyopasa, kisha akamwambia amweleze Wakili Nzilani.

Kiangazi kilipokuja ukuta ulikauka. Nakhumicha hakutundika kitu juu yake. Njoki pia hakutundika, wala Muturi, wala mwingine yeyote wa mstari ule, na biashara ya vitambaa vipana ikafa katika ploti ya Shitanda siku moja. Mgeni akija, Nakhumicha alimketisha akiutazama ukuta mtupu, na asipousifu alimweleza habari zake mpaka akausifu.

Njoki naye hakuisahau ile Alhamisi. Kila asubuhi alitoka mlangoni, akajinyoosha, akaita kwa sauti.

"Wa pili! Umeamkaje?"

"Salama, wa kwanza," Nakhumicha alijibu, na ajabu ni kwamba haikumchoma.

Asubuhi moja walikuwa hivyo, kila mmoja na fagio lake, Nabiswa alipotumwa sukari kwa Burale. Alikwenda mbio, akarudi mbio, na alipofika alikuwa tayari katikati ya hadithi ndefu kuhusu Burale na paka wake, akiisema bila kituo, bila kupumzika, mikono ikipepea. Nakhumicha aliweka fagio chini. Alipiga magoti, akamgeuza mtoto, akaweka sikio mgongoni mwake, huku hadithi ya paka ikiendelea juu ya kichwa chake.

Njoki aliacha kufagia. "Unasikia nini?"

Nakhumicha alisikiliza tena, ili awe na hakika.

"Hakuna kitu," alisema, na hakuwahi kujivunia neno lolote kama alivyojivunia hayo mawili.